Maharage Ndani ya Birika

Septemba 26, Jumatatu

Leo nimevishwa kibao shingoni. Ni kipande cha ubao chenye ukubwa wa sahani, kimetobolewa matundu mawili na kutiwa kamba, na juu yake wameandika kwa rangi nyekundu: MDUDU ONÈ. Mdudu ni kwa sababu kila mgeni katika nyumba za wanafunzi za hapa mjini Ouro Preto huitwa mdudu mpaka siku atakapokubaliwa. Onè nimejitakia mwenyewe. Kwetu Haiti huingii nyumba ya watu hivi hivi. Unasimama nje, unaita "Onè!", na mwenye nyumba anajibu kutoka ndani, "Respè!" Asipojibu huingii, hata mlango ukiwa wazi na mvua ikikunyeshea kichwani. Basi nikasimama mbele ya nyumba inayoitwa Birika, sanduku mkononi, mlango wazi kabisa, nami naita. Ndani wanacheka.

"Huyo anauza nini?" sauti moja ikauliza.

"Mwambie leo hatununui," ikajibu nyingine, nzito, ya kutetemesha vikombe.

Hapa milango haifungwi mwaka mzima na watu huingia tu, wakipiga kelele wakiwa tayari wameshafika jikoni. Ningejuaje? Jina langu halisi, Islande Dorvil, hakuna aliyeliuliza mara ya pili.

Saa moja baada yangu akaja mdudu mwingine, Nayra Condori wa Oruro, Bolivia. Mfupi, mashavu yamebabuka kwa baridi ya kwao, mzigo ameufunga mgongoni kwa shuka la mistari. Huyu aliingia moja kwa moja, akamwamkia kila mtu mmoja mmoja kwa adabu, na alipowamaliza watu akamwamkia paka. Kibao chake kinasomeka MDUDU SHIKAMOO. Tumepewa chumba kimoja, vitanda viwili, dirisha moja linalotazama ukuta.

Septemba 27, Jumanne

Tumeelezwa sheria. Aliyeeleza ni mkubwa wa nyumba, anaitwa Lívia lakini hapa ni Bamia, kwa kuwa ni mrefu, mwembamba na mgumu kushikika. Mwenye sauti nzito ni Jussara, yaani Radi. Wako watatu wengine ambao bado nawachanganya.

"Sikilizeni, wadudu," Bamia alisema huku amekaa juu ya meza. "Nyumba ni ya chuo, kodi hakuna. Lakini nani alale humu tunaamua sisi. Mtapika kahawa asubuhi, mtaosha vyombo, mtaitikia mlango. Mkikosea, mtapigwa upepo."

"Upepo ndiyo nini?" nikauliza.

Wakatazamana. "Utaujua ukivuma," Radi akasema, wakacheka wote.

Halafu akatuonyesha lile birika la bati linaloning'inia juu ya mlango, kuukuu, limetoboka mdomoni. Desemba, kabla ya likizo, litashushwa na kuwekwa jikoni. Kila mwenyeji ataingia peke yake na kutia punje moja ya haragwe. Jeupe ni ndiyo. Jeusi ni hapana, na jeusi moja tu linatosha, mdudu anafungasha. Aliyefika kwanza hupigiwa kura kwanza, na akikubaliwa anakuwa mwenyeji palepale, naye anaingia jikoni kumpigia kura anayefuata. Kinachosemwa na birika hakijadiliwi, wala hakuna kuambiana nani ametia nini.

Nimelala chali nikiwaza. Ufadhili wangu unalipa masomo na chakula, haulipi paa. Nisipopata kitanda Birika nitarudi kwetu Léogâne kwa shangazi Yolette nikiwa na muhula mmoja wa elimu ya miamba na aibu ya kutosha maisha mazima. Nayra hali yake ni hiyo hiyo. Baba yake ni mchimbaji, na mgodi umefungwa.

Oktoba 1, Jumamosi

Mvua imeanza. Nimeosha vyombo vya watu saba mara tatu.

Oktoba 5, Jumatano

Nayra amefungua kifuko chake na kunionyesha viazi vyeusi, vikavu, vyepesi kama kizibo cha chupa. Kwao huvianika kwenye baridi ya usiku mpaka vikauke, vinakaa miaka. Nilidhani ananitania. Tukaviroweka, tukavichemsha, nami nikatoa achari ya shangazi, kabichi na pilipili. Nayra alikula kijiko kimoja machozi yakamtoka.

"Kwenu mnakula moto?" akaniuliza.

"Na kwenu mnakula mawe?"

Tulicheka mpaka Radi akagonga ukuta. Kireno chetu wote ni cha kuokoteza, lakini kwa namna fulani mimi na yeye tunaelewana kuliko ninavyoelewana na wenye lugha. Nimemfundisha kitu. Nikirudi kutoka darasani nasimama nje ya chumba chetu, naita "Onè!", naye anajibu "Respè!" kwa sauti ya kuburuta ya mlimani. Ndipo naingia. Ni upuuzi, najua. Lakini kwa siku nzima hilo ndilo neno pekee ninaloambiwa ambalo si amri.

Oktoba 12, Jumatano

Leo ndiyo sikukuu kubwa ya mji, siku ambayo wote waliowahi kuishi katika nyumba hizi wanarudi. Kuta za sebule yetu zimejaa picha zao, wanawake wa miaka na miaka, kila mmoja kwenye fremu yake ya duara. Nilipewa kazi ya mlango. Mvua inanyesha, watu wanaingia wanatoka, na mimi nimesimama na kibao changu.

Akaja mama mmoja mtu mzima, koti la manjano, akapita mbele yangu bila hata kunitazama, akaelekea jikoni. Nikamshika mkono.

"Samahani mama, unakwenda wapi?"

"Naingia."

"Kwa nani? Hujabisha hodi."

Akasimama. "Mwanangu, unajua mimi ni nani?"

"Sijui. Ndiyo maana watu hubisha hodi."

Nikamtoa nje. Nilimtoa kweli, kwa heshima zote, mpaka kizingitini, mvua ikamnyeshea. Aliyekuja kuniokoa ni Bamia, uso umemwiva. Yule mama ni Bi Eulália, mmoja wa walioianzisha nyumba. Lile birika juu ya mlango ni lake, alikuja nalo kutoka kwa mama yake. Picha yake ndiyo ya kwanza ukutani, naifuta vumbi kila asubuhi.

Bi Eulália mwenyewe alicheka hadi akashika mbavu. "Mdudu huyu ana adabu kuliko nyinyi wote," alisema. Lakini nilimwona Radi akimnong'oneza Bamia, na Bamia akitikisa kichwa kukubali. Jioni akaniambia taratibu, kama mtu anayekupa habari za hali ya hewa:

"Umejipatia upepo, Onè."

"Lini?"

"Hauji siku ya kosa. Unakuja ukishasahau."

Oktoba 15, Jumamosi

Mvua. Upepo bado.

Oktoba 21, Ijumaa

Mvua. Ukungu umeanza kuota kwenye kuta, begi langu limeota manyoya ya kijani. Nimepata alama mbaya ya hesabu. Radi aliiona karatasi mezani, akasema kwa sauti ya nyumba nzima, "Mdudu Onè, hesabu nazo unazibishia hodi?" Simpendi yule mwanamke. Ana mdomo wa sokoni na hakuna siku ananiona bila kutafuta la kunicheka. Upepo bado.

Novemba 2, Jumatano

Siku ya marehemu. Chuo kimefungwa. Asubuhi Nayra alitandika shuka lake la mistari juu ya meza yetu ndogo, akapanga mikate aliyoikanda mwenyewe, mmoja ameutengeneza umbo la mtoto aliyefungwa nguo, akaweka majani makavu ya koka ya kutafuna, glasi ya maji na sigara moja. Kumbe babu yake aliyefia mgodini anakuja leo, atakula mpaka kesho mchana, kisha atarudi.

"Na wewe?" akaniuliza. "Unamwekea nani?"

Kwetu pia leo ni siku yao, tunakwenda makaburini na kahawa na mishumaa. Lakini mimi sina kaburi la kwenda. Sijawahi kumsimulia mtu habari hii tangu nifike nchi hii, ila leo nimemsimulia. Nilikuwa na miaka saba. Ilikuwa jioni, mama yumo ndani anakunja nguo zilizoanuliwa, akanituma uani nikamletee vibanio. Nimeinama kuviokota ardhi ikaguruma. Nilipoinuka nyumba haikuwepo. Kilichokuwepo ni uani palepale, godoro letu limelala juu, na chini yake nguo za mama, zile alizokuwa anazikunja, zimechanganyika na daftari zangu na vumbi. Kila kitu chetu kilikuwa nje, isipokuwa yeye.

Nilimwambia Nayra kwamba mpaka leo siwezi kuona godoro likiwa nje ya nyumba. Hata duka la magodoro huwa nalivukia barabara.

Hakusema pole. Alisogeza mikate, akatoa nafasi mezani. "Alikuwa anapenda nini?"

"Kahawa yenye sukari nyingi."

Akaenda jikoni akaipika. Tukaweka kikombe kando ya sigara ya babu. Nilimpenda Nayra leo kama ndugu wa tumbo moja, na naliandika ili nisije nikalisahau.

Novemba 9, Jumatano

Mlima umemomonyoka nyuma ya barabara ya chini. Hakuna aliyeumia. Niliposikia mngurumo nilijikuta uani, pekupeku. Radi alinitazama kutoka dirishani na kwa mara ya kwanza hakunicheka.

Novemba 14, Jumatatu

Mvua. Upepo bado. Nadhani wamesahau.

Novemba 19, Jumamosi

Sijui nianzie wapi. Kalamu inavuja.

Asubuhi nilikwenda maktaba. Mvua ilikatika kidogo saa sita, nikasema nirudi nile. Nikapanda ngazi, nikapita sebuleni, kimya. Nikasimama nje ya chumba chetu nikaita "Onè!" Kimya. Nikaita tena. Kutoka uani nikasikia mtu anakohoa kicheko. Nikaenda kutazama.

Chumba changu chote kilikuwa uani. Kitanda kimepinduliwa miguu juu. Sanduku limemwagwa. Nguo zangu zimetawanywa kwenye mawe yenye maji, daftari zimefunguka juu ya nguo, na juu ya vyote hivyo, godoro. Na wote watano wamejipanga ukutani wanapiga makofi kwa mdundo, "U-pe-po! U-pe-po!", nyuso zimejaa furaha, wakinisubiri kabisa nami nicheke. Nayra alisimama mwisho wa mstari. Hakupiga makofi. Lakini mikono yake ilikuwa na pamba ya godoro langu, lile lenye upande uliochanika, pamba nyeupe imemganda vidoleni.

Sikulia. Afadhali ningelia. Nilipiga magoti nikaanza kuchimba. Sina neno jingine. Nilisukuma godoro nikawa navuta nguo moja moja, naangalia chini yake, navuta nyingine. Makofi yakafa. Nikasikia Bamia akisema, "Onè, basi, ni mchezo tu," na mimi naendelea kuchimba nguo zangu mwenyewe mpaka nikafika kwenye mawe. Kisha nikainuka, nikatoka kwa ule mlango usiofungwa.

Nilikaa barazani pa kanisa la juu. Mvua ilirudi. Watu waliokuwa wanatoka harusini walinipita na miavuli yao. Sijui nilikaa kwa muda gani, mara mtu akaketi kando yangu, mzito, anahema kwa kupanda mlima. Radi. Akafungua mwavuli ingawa tulikuwa chini ya paa, akauweka mbele yetu ili upepo wa mvua usitupige.

"Nimekurudishia vitu," akasema. Ile sauti yake aliishusha mpaka sikuitambua. "Godoro nimelipeleka jikoni karibu na jiko likauke, utalalia langu. Hatukujua tumefanya nini. Ila tumefanya kitu, hilo nimeliona. Niambie."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa maneno machache sana, kwa sababu yale mengi nilishayatumia Novemba 2. Alisikiliza huku anavuta uzi wa mwavuli.

"Kuna mtu mwingine mle ndani aliyekuwa anajua?" akauliza.

"Nayra."

Nililisema tu, kama mtu anavyojibu akiulizwa saa ngapi.

"Alitakiwa alilalie godoro," Radi akasema.

"Nini?"

"Mdudu mwenzako akipigwa upepo, wewe unalala juu ya godoro lake. Tunakuburuta nalo mpaka nje, tunakumwagia maji, tunacheka, lakini hulibebi. Ndivyo ilivyo. Mimi nililalia la Bamia mwaka wetu."

"Nani alimwambia hivyo?"

"Haambiwi mtu," akasema, kana kwamba nimemuuliza nani hufundisha watu kupiga chafya. "Kila anayekuja anajua."

Kila anayekuja ambaye ana dada au binamu aliyewahi kuishi humu, sawa. Sikuwa na nguvu za kubishana.

Novemba 20, Jumapili

Bamia ameniomba radhi mbele ya wote, ameinama mpaka shingo imepinda. "Ungetuambia," amesema. Nimemjibu kwamba si habari ya kuandika kwenye kibao. Ameninunulia daftari mpya na amenikataza kuosha vyombo wiki nzima.

Nayra alinisubiri chumbani. "Waliniambia shika huku, nikashika. Kwetu mkubwa akikuambia shika, unashika, halafu ndiyo unafikiri. Islande, nilipolifikisha uani ndipo nikakumbuka. Nakuapia kwa babu yangu."

Nilimgeuzia mgongo.

Novemba 25, Ijumaa

Mvua. Siiti tena Onè mlangoni. Naingia tu kama wenyeji. Nayra kila nikiingia anainua kichwa na mdomo umeshafunguka kujibu, kisha anaufunga.

Desemba 1, Alhamisi

Radi ananifundisha hesabu. Ni mwalimu mzuri mno, hana papara, na amenipikia ugali mlaini wa mahindi na sukuma wiki kwa mkono wake. Mtu niliyemwona simba kumbe anamwimbia paka. Nayra alipita jikoni, akatuamkia. Mimi niliitika. Radi hakuitika. Niliona jambo hilo na nikalifurahia kidogo, na kile kifuraha kimenikaa rohoni kama mwiba wa samaki.

Desemba 6, Jumanne

Nimeamka na kukuta kikombe cha kahawa kando ya kitanda, sukari nyingi. Nayra alikuwa ameshaondoka. Viazi vyake vyeusi vilivyobaki amevigawa mara mbili, fungu moja ameliweka juu ya daftari zangu. Nimekunywa ile kahawa. Nadhani hasira zangu zinaisha, nami sijui jinsi ya kumwambia, maana nimekaa kimya muda mrefu hata kimya chenyewe kimekuwa kama samani ya chumba.

Nimeamua. Kura ikipita, wote wawili tukiwa wenyeji, nitasimama mlangoni nitaita Onè kwa nguvu zote.

Desemba 10, Jumamosi

Birika limeshushwa. Mvua kubwa kuliko zote za msimu huu.

Sisi tulikaa kwenye benchi la korido, mlango wa jikoni umerudishwa. Ukiwa pale hauoni kitu lakini unasikia kila kitu, nyayo, pumzi, kisha punje ikigonga bati. Nilikuwa wa kwanza. Mmoja anaingia, *tang*, anatoka. Watano. Bamia akalimimina birika kwenye sahani mbele yangu, maharage matano, meupe yote. Wakanivua kibao, wakanibeba juu, Radi akapiga ule ukelele wake mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Nikatazama chini nikamwona Nayra kwenye benchi anapiga makofi, analia kwa furaha yangu. Ndiyo, ya kwangu.

Kisha zamu yake. Wakaingia na kutoka, *tang*, *tang*. Mimi ndiye wa mwisho.

Jikoni kuna bakuli mbili. Nilichukua jeupe. Halafu, sijui kwa nini, mkono wa pili ukachukua jeusi. Nikasimama na yote mawili. Niliona pamba kwenye vidole vyake. Niliona kikombe cha mama kando ya sigara. Nikaona pamba tena. Sikutaka kumwondoa, Mungu ananijua, nilitaka tu nijue uzito wake mkononi, nijue kwamba ningeweza. Mvua ilikuwa inapiga paa. Nikalirudisha jeusi kwenye bakuli, nikatia jeupe. *Tang*. Nikatoka.

Bamia akamimina. Matano meupe. Moja jeusi.

Hakuna aliyeuliza ni nani. Ndivyo sheria ilivyo. Nayra alilitazama lile haragwe, kisha akaniinulia macho, mimi peke yangu.

"Wengine waliingia wakatoka," akasema polepole. "Wewe ulikaa. Nilikuwa nasikia unavyopumua."

"Nayra, si mimi."

"Onè," Bamia akanikata. "Birika halijadiliwi."

Akafunga mzigo wake kwenye shuka la mistari. Mizigo ya Nayra haikuwahi kuwa mingi. Alimuaga kila mtu mmoja mmoja, kwa adabu, mkono kwa mkono. Alimuaga Radi. Alimuaga paka. Mimi alinipita.

Desemba 11, Jumapili

Picha yangu imepigwa itundikwe ukutani. Nimeambiwa nitabasamu.

Jioni nilimkuta Radi anapanga kuni. Nikamuuliza nikiwa sitarajii jibu, kwa kuwa sheria ni sheria.

"Ni mimi," akasema, bila kugeuka.

"Kwa nini?"

Sasa akageuka, na uso wake ulikuwa umejaa upendo, hilo ndilo linalonitia baridi. "Kwa ajili yako. Alijua habari ya mama yako na bado akalibeba godoro. Mtu wa namna hiyo alale kitanda cha pili chumbani kwako? Mimi niwepo?"

"Nilishamsamehe."

"Hukuniambia."

Kweli, sikumwambia. Sikumwambia yeyote, hata Nayra. Niliyemwambia kitu juu ya Nayra ni Radi, siku ile barazani, neno moja tu, nalo lilikuwa jina.

"Ukitoka nje na habari hii umeivunja nyumba," Radi akasema. "Na mimi umenivunja. Wewe ni mwenzetu sasa."

Desemba 13, Jumanne

Mvua. Kitanda cha pili wamekitoa godoro, yamebaki mabanzi matupu.

Desemba 15, Alhamisi

Nimepata habari zake darasani. Amepanga chumba kwa mjane mmoja barabara ya chini, pale mlima ulipomomonyoka, kwa siku chache tu. Hana uwezo wa zaidi. Kesho kutwa anapanda basi kurudi Oruro. Mwalimu wa miamba amesikitika, anasema ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake bora.

Shangazi Yolette amepiga simu. "Wamekukubali, mwanangu?" Nikasema ndiyo. Akashangilia mpaka majirani wakaja, nikasikia kila mmoja akipokezana simu anipongeze. Niliwaambia wote asante.

Desemba 16, Ijumaa

Nimevunja sheria ya nyumba, au nilikwenda kuivunja. Nilimpitia Radi sebuleni nikamwambia waziwazi ninakokwenda na ninachokwenda kusema. Hakunizuia. Alikaa tu na paka mapajani.

Nilishuka barabara ya chini kwenye matope, kifuko cha viazi vyeusi kifuani, fungu langu, sikuwa na kitu kingine cha kumpelekea. Chumba chake kiko nyuma ya nyumba ya mjane. Mlango haukuwa umefungwa, uliachwa wazi upana wa mkono, na ndani nilisikia kijiko kikikoroga kikombe. Mzigo wake umeegemea ukuta, ameshaufunga.

Nikasimama nje. Nikaita, "Onè!"

Kijiko kikanyamaza.

Nikasubiri. Alikuwa hatua chache kutoka kwangu, nilimsikia akipumua kama alivyonisikia mimi. Nikaita tena. Yeyote wa mji huu angesukuma ule mlango, angeingia na maneno yake yote, angesema Nayra si mimi, nilitia jeupe, nisikilize. Nami kwa majuma matatu nilikuwa nikiingia chumbani kwetu bila kubisha, kumtesa tu. Leo mkono haukuinuka. Asipojibu, huingii.

Nikakiweka kifuko kizingitini. Mvua ilikuwa imeshanijaa viatuni, nikakaa kidogo zaidi, nikimsikilizia lile neno, lile la kuburuta.

Kisha ndani kijiko kikaanza tena kukoroga.